Kuchagua tabo ya pikapu inayovuta tela kwenye milima ya Mbeya

Mteja akiniletea Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, neno la kwanza huwa: "Fundi, nitafutie tabo kubwa," yaani turbo, feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Namuuliza kwanza anavuta nini na anapanda wapi.

Kosa la kukimbilia tabo kubwa nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe. Nilifunga tabo ya lori kwenye 1HZ yangu, nikafungulia pampu mafuta zaidi, nikatoka Tukuyu na tela la ndizi. Kuanzia Kiwira kupanda Isongole, gari lilitoa moshi mweusi kama tanuri la matofali na mshale wa tabo umelala kwenye sifuri. Bodaboda iliyopakia mishikaki ikanipita. Tabo haikuwa na ubovu wowote, ila ilitaka mizunguko 2,600 kwa dakika ndipo iamke, na mimi mlimani nilikuwa 1,700.

Hatua ya 1: Jua mizunguko yako ya mlimani
Pakia tela mzigo wako wa kawaida, panda mlima unaokusumbua, uangalie injini inatulia kwenye mizunguko mingapi. Kama dashibodi haina mshale huo, funga wa nje. Namba hiyo ndiyo inayochagua tabo. Nguvu ya juu kabisa ambayo muuzaji anaisifia hutaitumia ukiwa na tela.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa hewa ya Mbeya
Hapa wengi wanateleza. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa inasukuma kwa bar 0.82 hivi, wakati Dar ni 1.01. Geji ya tabo inaonyesha nyongeza tu juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo ukitaka bar 0.6 kwenye geji, Dar tabo inaikandamiza hewa mara 1.59 (1.61 gawa kwa 1.01), Mbeya mara 1.73 (1.42 gawa kwa 0.82). Geji inasoma kilekile, lakini huku tabo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, kwetu si urembo.

Kwa nini 0.6? 1HZ ilitoka kiwandani bila tabo, na mkandamizo wake, yaani jinsi pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda, ni zaidi ya 22 kwa 1. Bila kubadili pistoni, mimi sivuki hapo.

Hatua ya 3: Tafuta kiasi cha hewa
Injini ni lita 4.2, na hunyonya mara moja kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 2,500 ni lita 5,250 kwa dakika. Ondoa asilimia 15 kwa kuwa silinda hazijai kabisa, zinabaki kama 4,460. Kwa ile bar 1.42 ya hapo juu, hewa ikiwa imepozwa hadi nyuzi 50, ni karibu kilo 6.8, yaani pauni 15 kwa dakika. Kwenye mizunguko 1,700 ni pauni 10.

Sasa chukua ramani ya kompresa, mchoro unaoonyesha kiasi cha hewa ambacho upande wa hewa wa tabo unaweza kusukuma kwa kila kiwango cha kukandamiza. Garrett na wenzao huzitoa. Weka alama mbili kwenye mstari wa 1.73: moja pauni 10, nyingine 15. Zote ziangukie ndani ya ramani, ile ya 10 iwe kulia kwa mstari wa kushoto. Ikivuka kushoto, tabo itakohoa mlimani, yaani hewa itarudi nyuma, na kukohoa kunaua shafti.

Hatua ya 4: Kasha la upande wa moshi
Kasha hili tunaliita konokono. Chagua dogo. Dogo huamsha tabo mapema, nataka ifike 1,600 ikiwa imeshaanza kujaza, na westigeti, mlango wa kupitisha moshi pembeni ya tabo, ifungue ziada. Tabo za mabawa yanayojigeuza, kama ya 1KD ya Hilux, huamka vizuri sana chini, ila kuzitawala kwenye injini ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta ni kujitafutia kazi.

Hatua ya 5: Ukinunua iliyotumika
Shika ncha ya shafti. Ikicheza kidogo kushoto na kulia usiogope, kwa sababu huelea juu ya oili. Ivute na kuisukuma mbele na nyuma: ukihisi mchezo, iache. Mulika mapezi kwa tochi. Yakiwa yamekwaruza kasha, iache hata kama bei inavutia.

Hatua ya 6: Kufunga
Bomba la kurudisha oili literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), bila kona ya kwenda juu. Kabla ya kuwasha, jaza oili kwenye tabo kwa mkono. Funga pia geji ya joto la eksozi, kabla ya tabo. Ikikaribia nyuzi 700 mlimani, punguza mguu, shuka gea.

Ukifika Isongole usizime papo hapo. Iache iungurume dakika mbili, oili ipoze shafti, wewe ukishuka kukagua kamba za tela.