Jifunze Kiingereza kwa pua ya kifaru: maneno ya upasuaji wa urembo na safari

Darasa langu la jioni liko Ngamiani, Tanga, chumba kinachopakana na saluni. Ukuta ni mmoja na haujafika kwenye dari, kwa hiyo umbea wa saluni huingia darasani bila hodi. Siku moja nafundisha mazungumzo ya posta, wenzetu wanajadili nani kaenda Uturuki kupandikizwa nywele na nani kapunguzwa tumbo Bangkok. Wanafunzi wangu masikio yote yako kule. Nikafuta ubao. Tangu hapo hilo ndilo somo la kuanzia kwa kila anayekuja na Kiingereza cha kubahatisha. Simshauri mtu akapasuliwe, lakini neno la umbea halisahauliki kama neno la posta.

Tafuta daftari, kalamu mbili za rangi tofauti na simu. Nusu saa kwa siku, wiki mbili.

Hatua ya 1: Lichane neno kabla ya kulikariri

Mwanzoni niliwahi kujaza ubao kwa maneno 60. Kesho yake darasa zima lilikumbuka "Botox" tu, ile sindano ya makunyanzi, na neno hilo walikuja nalo kutoka nyumbani.

Sasa naanza na moja: "rhinoplasty". Ukilitazama linafanana na jina la dawa ya mifugo. Lichane. "Rhino" unamjua, ni kifaru, yule wa Mkomazi. Jina lake kamili, "rhinoceros", ni la Kigiriki: nusu ya kwanza ni pua, ya pili ni pembe. Mwenye pembe puani. Kwa hiyo hapa tunazungumzia pua. "Plasty" nayo imetoka kwenye neno la kufinyanga, kama mama anavyofinyanga chungu. Ndiyo maana upasuaji huu unaitwa "plastic surgery". Jina halikutokana na ndoo wala beseni. Lilikuwepo kabla ya plastiki hizo kuingia sokoni. Kila nikifika hapa kuna mtu anashusha pumzi, maana siku zote alidhani watu wanajazwa plastiki usoni.

Ukishaishika "plasty", nyingine zinakuja zenyewe: "otoplasty" ni masikio, "abdominoplasty" ni tumbo, "blepharoplasty" ni kope, ile ngozi inayofunika jicho ("eyelids"). Weka pembeni "ectomy", ambayo ni kukata na kuondoa, kama "appendectomy" ya kidole tumbo. Mmoja anafinyanga, mwingine anaondoa.

Hatua ya 2: Andika jina la daktari na jina la mtaani

Kalamu ya bluu iandike neno la hospitali, nyekundu neno la watu. Rhinoplasty ni "nose job". Abdominoplasty ni "tummy tuck", na hilo "tuck" ulilisikia shule ya msingi mwalimu wa zamu alipokuamuru uchomekee shati. Ngozi iliyolegea inakatwa, inavutwa, inashonwa.

Watu wa Muheza huwa wananishinda kwenye neno "graft". Kwao mche wa mlimao hubebeshwa kijicho cha mchungwa, wanajua kisu kinapita wapi na kamba inafungwaje. Kwa Kiingereza huko ndiko kugraft, na "skin graft" ni hiyohiyo: ngozi inatolewa pajani, inabebeshwa penye jeraha la moto. "Hair transplant" nayo ni kazi ya kitalu. Nywele zinang'olewa kisogoni zilikojaa, zinapandwa mbele palipo na upara.

Hatua ya 3: "Have" ya kushonesha

Hapa kaa siku tatu, usikimbie. Sisi husema "nimesuka nywele" hata kama aliyesuka ni msusi na wewe ulikuwa umekaa unasinzia. Ukimwambia Mwingereza "I braided my hair" ataelewa ulijisuka mwenyewe. Fikiria basi "I did my nose"!

Lakini Kiswahili kina dawa. Unasema "nimeshonesha gauni", na kila mtu anajua kuna fundi. Ile "-esha" ndiyo "have" yao: "I had a dress made." "I had my hair braided." "She had her nose done." Have, kisha kitu, kisha kitenzi cha hali ya kutendwa. Tunga sentensi kumi kwa vitu ulivyofanyiwa wiki hii, kuanzia kucha mpaka tairi la pikipiki.

Hatua ya 4: Maneno ya njiani

Haya ni mepesi, ila yana mitego. "Safari" Waingereza walilichukua kwetu, wakalipunguza: kwao ni kwenda kutazama wanyama. Ukisema unaenda "on safari" India kupasuliwa, watakuuliza kuhusu simba. Sema "trip". "Luggage" haipokei "s" hata kama mabegi ni saba. "Customs" ni forodha, bila "s" ni desturi. "Stopover" ni kusimama njiani kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Soma tangazo kama mwenye duka anavyokagua noti

Fungua tangazo lolote la kliniki ya nje kwenye simu. Pigia mstari maneno madogo. "From" kabla ya bei maana yake ni "kuanzia", na bei yako huenda iko juu zaidi. "Aftercare" ni uangalizi baada ya upasuaji. Angalia ni wa siku ngapi. "Revision" ndiyo inayowanasa wasomi, kwa sababu shuleni rivisheni ni kujisomea kabla ya mtihani. Kwa daktari wa upasuaji ni kurudia kazi ambayo haikukaa sawa, na ikiandikwa "not included" utarudia kwa pesa yako. "Discharge" ina sura mbili: kuruhusiwa kwenda nyumbani, au majimaji na usaha kwenye kidonda. Ya kwanza unashukuru, ya pili unarudi hospitali mbio.

Halafu zoea "should be avoided", inapaswa kuepukwa. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwashauri watu waepuke ndege siku 5 hadi 7 baada ya kufyonzwa mafuta au kupasuliwa matiti, na siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa uso au tummy tuck. Sababu ni "blood clot", damu kuganda ndani ya mshipa. Upasuaji mkubwa huongeza hatari hiyo, na kukaa kwenye ndege saa nyingi huiongeza pia.

Hatua ya 6: Liseme, hata kwa makosa

Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuuliza bei ya kupunguza tumbo lililobaki baada ya uzazi. Akaandikia kliniki: "I want to remove my stomach." Wakamjibu kwa upole, wakimuuliza kama ana saratani. "Stomach" ni mfuko wa chakula. La nje, linalosukuma mkanda, ni "belly" au "tummy". Alicheka yeye kwanza, na tangu siku hiyo hakuna darasani aliyelikosea.

Neno walilolipenda zaidi ni "day case", mgonjwa anayepasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Nilipolieleza, dereva wa bodaboda akasema, "Ticha, si Tanga hiyo? Waja leo waondoka leo." Sikuongeza neno.

Zoezi la mwisho ni uwanja wa ndege. Juzi dereva huyo alikuwa ofisa uhamiaji, msusi alikuwa msafiri.

"What is the purpose of your visit?"

"Medical treatment. I'm having my eyelids done."

"How long will you stay?"

"Two weeks. Flying should be avoided for ten days."

Nikiwa nampigia makofi, sauti ikapanda juu ya ukuta kutoka saluni: "Shoga, kumbe wasafiri? Na nani anakulipia?"