Jinsi ya kukagua risasi za shotigani kabla ya kuingia lindo

Wenzangu mnaolinda usiku kando ya ziwa, unyevu wa huku unaharibu risasi taratibu na kimyakimya. Mimi natunza silaha za kampuni ya ulinzi hapa Mwanza. Kila jioni, kabla mlinzi hajachukua bunduki, risasi zake nazipanga mezani karibu na dirisha. Bunduki yenyewe iko tupu, pembeni.

1. Soma kitako cha risasi. Bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) inataka risasi iliyoandikwa 12, basi. Ya geji 20 ni nyembamba: inateleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Mtu anaona chemba tupu, anaweka nyingine nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasukia mkononi. Ndiyo maana za geji 20 kwa kawaida hutengenezwa na ganda la njano, lakini usiku rangi haionekani. Soma. Angalia na urefu: chemba ya milimita 70 usiipe risasi ya 76 hata ikiingia, maana urefu ule ni wa ganda likishafunguka.

2. Kagua chuma cha risasi. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa kikavu haina neno. Iliyochimba vishimo, kataa. Fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, isichomoze hata kidogo. Na tafadhali, usipake risasi mafuta. Yakipenya kwenye fataki, haitawaka.

3. Viringisha ganda kati ya vidole. Hapa ndipo nakaa sana. Masika moja, mlinzi wa ghala la samaki Kirumba alijaza bunduki getini, risasi ya pili ikagoma kuingia. Ilikuwa imekaa kwenye mkanda wiki nyingi, mdomo umetanuka kama ua na marisau yanachungulia. Tangu hapo kila mdomo naugusa kwa kidole gumba: mikunjo iwe imebana. Zilizokaa muda mrefu kwenye magazini nazo hubonyea kwa msukumo wa springi.

4. Iliyolowa usiianike juani wala karibu na jiko. Itenge.

Ukifyatua isilie, elekeza mtutu pasipo na mtu, hesabu sekunde 30 kamili ndipo ufungue. Ikilia kwa sauti hafifu, simama hapo hapo. Toa risasi zote na uhakikishe mtutu hauna kitu kilichokwama kabla ya kupiga nyingine.

Mbovu zote rudisha kwa mtunza silaha, zihesabiwe na kuandikwa kitabuni. Usizitupe ziwani. Watoto wanaogelea pale.