Jinsi ya kutoa mkojo wa kuotesha na kusoma majibu yake

Wanawake wengi wanaoletwa maabara na "UTI sugu" wameshameza Septrin, wakaja siprofloksasini, wengine hadi sindano, na mkojo wao haujawahi kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue. Mara nyingi mdudu ni E. coli, bakteria wa utumbo aliyeingia kwenye kibofu, na huku kwetu Septrin na ampisilini ameshazizoea sana. Kuotesha ndiko kunakoonyesha dawa ipi bado inamuua.

1. Njoo kabla ya kuanza dozi. Kama umeshameza hata vidonge viwili, sema, maana bakteria wanaweza wasiote ukaambiwa huna kitu. Ukiwa na homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, nenda hospitali leo leo. Mjamzito naye asikae nyumbani na dalili.

2. Chukua kopo la maabara. Chupa ya maji, hata ukiichemsha, hapana. Nawa mikono, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, bila Dettol.

3. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa kwanza uache uende chooni, kisha kinga wa katikati. Usiguse ndani ya kopo. Sampuli nyingi huharibikia hapa: zikiota aina tatu za bakteria kwa pamoja, tunaandika imechafuka na unarudi kuanza upya.

4. Fikisha ndani ya saa 2. Kwenye joto linalomfaa, E. coli hujigawa kila dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja anaweza kufika 64 ukiwa bado kwenye foleni. Ukichelewa, weka kwenye friji bila kugandisha, isizidi saa 24.

5. Subiri siku mbili au tatu. Hatukucheleweshi: kwanza bakteria waote, ndipo tuwawekee vidonge vya karatasi vyenye dawa. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu.

6. Kwenye cheti, S ni dawa inayomuua, R ameshakuwa sugu. Bakteria 100,000 kwa mililita ndiyo idadi ya kawaida ya kuthibitisha, ila mwenye dalili anaweza kutibiwa hata kwa pungufu. Usikimbilie duka la dawa na S uliyojichagulia. Nitrofurantoini, kwa mfano, hukusanyika kwenye mkojo, lakini haitoshi maambukizi yakishapanda kwenye figo. Mpe daktari cheti, na upige picha nakala yako.