Trela yako inavuja? Tafuta maji yanapoingilia kwanza, ndo uzibe

Ukiona doa la kahawia kwenye dari ya trela ya kulala, ile nyumba inayovutwa na gari, au umefungua kabati la juu ya kitanda ukakutana na harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi, najua mkono unakimbilia tyubu ya silikoni. Tulia kwanza. Pale doa lilipo mara nyingi sipo maji yalipoingilia, manake maji yakishapenya paa yanatembea juu ya plaiwudi, yanafuata mbao za fremu, yanafuata hata waya za umeme, alafu yanadondoka pale yatakapokuta upenyo, na hapo panaweza kuwa mita mbili tatu kutoka kwenye tundu lenyewe. Mimi nilishapaka silanti (gundi ya kuzibia upenyo) karibu paa zima, wiki nzima napanda na kushuka ngazi kwa ajili ya kona moja ya kitanda iliyokuwa inalowa, kumbe maji yalikuwa yanaingia nyuma ya ile taa ndogo ya mbele juu inayoonyesha kimo na upana wa trela. Gasketi yake, ule mpira wa kuzuia maji, ilikauka ikapasuka. Kuibadilisha ilichukua dakika ishirini, ila plaiwudi ya chini yake ilikuwa imeshaoza wakati mimi nahangaika na paa, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo.

Sasa anza kwa kujua ni maji gani. Kuna ya mvua, kuna ya mabomba, na kuna jasho la ndani.

Ya mabomba ndo rahisi kupima. Funga bomba zote, washa pampu, isubiri ijaze presha mpaka izime yenyewe, alafu kaa kimya usikilize. Ikijiwasha kidogo kila baada ya muda na hakuna aliyefungua bomba, basi presha inatoroka mahali, au valvu ya pampu imechoka inarudisha maji kwenye tangi. Chukua tishu kavu upitishe kwenye kila maungio: chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye hita ya maji, pale mabomba yanapoungana na pampu, nyuma ya bomba la kuogea. Tishu inaonyesha tone ambalo kidole hakilisikii. Trela inatikisika njia nzima ikivutwa kwa hiyo nati za plastiki zinalegea zenyewe, kaza kwa mkono kisha ongeza kidogo tu, ukitumia nguvu nyingi unaipasua na tatizo linakuwa kubwa kuliko ulivyolikuta. Kama linavuja pale tu unapounganisha mpira kwenye maji ya nje, angalia presha, weka kidhibiti kishushe mpaka kwenye psi (kipimo cha presha) 40 hadi 50 hivi.

Kitu ambacho wengi wanasahau, mabomba ya maji machafu hayana presha kwa hiyo kipimo cha pampu hakiyagusi. Ziba sinki, lijaze, achia maji yote kwa mpigo huku umeingiza kichwa na tochi kabatini. Sehemu ya kuogea nayo fanya hivyo hivyo.

Jasho linadanganya watu sana. Watu wawili wakilala madirisha yamefungwa na nje kuna baridi, asubuhi vioo vinatiririka na nyuma ya godoro kumelowa, mtu anasema paa linavuja. Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya sehemu yenye unyevu, tepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Unyevu ukikaa juu ya nailoni upande wa chumbani, ni hewa ya ndani, fungua madirisha kidogo na uwashe feni. Ukikaa chini yake, unatoka ukutani.

Haya, ya mvua. Kabla hujapanda hakikisha paa linabeba mtu, sio yote yanabeba, na kama huna uhakika fanya kazi ukiwa kwenye ngazi. Kama linabeba, tandaza plaiwudi ugawanye uzito, na usipande likiwa limelowa hata siku moja. Katikati ya paa palipo wazi ni mara chache kuvuja, labda tawi limechana. Shida ziko pale mtu wa kiwandani alipotoboa au alipounganisha: feni, bomba la hewa la choo, antena, kiyoyozi, kidirisha cha juu, skrubu za ngazi, na maungio ya paa na ukuta mbele na nyuma. Tazama gundi ya zamani kwa karibu sana, bonyeza taratibu kwa kucha, ukiona mpasuko mwembamba kama unywele au ukingo umenyanyuka, hapo weka alama kwa chaki uendelee, usianze kuziba bado.

Shuka kwenye kuta. Ule ukanda wa plastiki unaofunika skrubu kwenye kona unasinyaa kwa jua ukiacha vichwa vya skrubu wazi, uvute uone, skrubu zikiwa na kutu basi maji yanakaa humo. Angalia mabano ya turubai la kivuli, taa zote, mlango, na kama trela yako ina sehemu inayosukumwa nje kuongeza chumba, mipira yake ya juu. Madirisha mengi yana vitundu chini ya fremu, vile ni vya kutoa maji, visafishe kwa mswaki, usivizibe kabisa, manake vikiziba maji yanajaa kwenye fremu yanamwagikia ndani.

Ukishapata washukiwa, thibitisha kwa maji. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji wa kawaida, sio mashine ya presha, ile inalazimisha maji hata pasipovuja. Anza CHINI ukipanda kwenda juu, dakika kumi mpaka kumi na tano kila sehemu. Ukianzia juu maji yanaosha kila kitu kwa pamoja na hutajua ni dirisha au ni taa. Inachosha kweli lakini hii njia haijawahi kuniangusha.

Njia nyingine ni ya hewa. Zima gesi na kila moto, funga madirisha, ziba matundu ya hewa kwa tepu, hakikisha mitego ya sinki (ile mikunjo ya bomba chini yake) ina maji, alafu weka blowa, feni ya kupuliza hewa, kwenye kidirisha cha paa ikisukuma hewa ndani kidogo kidogo. Nje puliza maji ya sabuni kwenye maungio yote, panapotoa mapovu ndo penyewe. Mafundi wana mashine maalumu ya hii ila blowa na kadibodi ya kuzibia pembeni yake vinafanya kazi vizuri tu, usizidishe nguvu.

Kipimo cha unyevu cha mkononi nacho ni msaada mkubwa. Pima kwanza sehemu unayojua ni kavu upate namba ya kulinganisha, kisha fuata ukuta hatua kwa hatua uone namba zinapandia wapi. Mbao ikikaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuoza hakuko mbali.

Kuziba sasa. Silikoni ya dukani ya bafuni iache kabisa kwenye paa, haishiki vizuri kwenye paa la mpira na ikishapakwa inaacha utando ambao gundi nyingine haishiki juu yake, mwenzako atakayekuja kutengeneza baadaye atakesha anakwangua. Juu ya paa palipo tambarare tumia silanti ya paa inayojisambaza yenyewe, ukutani tumia ile nzito isiyotiririka, na chini ya ukingo wa kila kitu kinachofungwa kwa skrubu weka tepu ya butili, ule mpira laini unaonata. Jua paa lako ni la nini kabla hujanunua. Kama ni mpira wa aina ya EPDM usilisafishe kwa petroli wala thina, linavimba. Kwangua kwa kikwaruzo cha plastiki, futa kwa spiriti ya alkoholi, liache likauke kabisa.

Dirisha linalovuja usilipake gundi kwa nje ukaondoka. Litoe. Mengi yameshikwa na fremu ya ndani yenye skrubu, mtu mmoja ashike nje mwingine afungue ndani. Safisha butili yote ya zamani, zungusha mpya bila kuacha pengo, rudisha, kaza skrubu kwa kuruka upande huu na ule, kesho yake kaza tena kidogo manake butili inaendelea kujibana, kisha kata iliyochomoza.

Kiyoyozi kina gasketi yake chini na boliti nne unazozifikia kwa ndani. Zikilegea maji yanaingia. Kaza sawasawa mpaka gasketi ibanwe kama nusu ya unene wake, na usizungushie silanti kitako chake kwa nje, yale maji ya kiyoyozi yanatakiwa yatoke yatiririke paani.

Kama mbao imeshalainika, choma na bisibisi ujue mpaka wake, kata mpaka ufike kwenye mbao ngumu, vaa barakoa maana ule ukungu sio mzuri kifuani. Feni na mashine ya kunyonya unyevu zifanye kazi siku nyingi, na kipimo ndo kiamue kwamba pamekauka, sio macho. Ukuta wa nje wa faibaglasi ukiwa umetuna kama puto, hiyo ni tabaka zimeachana, hapo tafuta fundi.

Ukimaliza usirudishe paneli ya ndani siku hiyo hiyo. Rudia kipimo cha mpira wa maji, iache wazi mpaka mvua mbili kubwa zipite, pitisha mkono na tishu kila mara, ikibaki kavu ndo ufunge.