Soya ya mbegu: usitafute majani, tafuta maganda

Shamba la soya lililofunga kijani hadi kifuani huwavutia wapita njia, lakini mara nyingi ndilo linalotoa mbegu hafifu. Mmea uliorefuka kupita kiasi hulala, maganda hugusa udongo wenye unyevu, ukungu huingia, na mbegu zikioteshwa nusu yake haziamki.

Tatizo huanzia kwenye nafasi. Kwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, weka mistari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 10, mbegu mbili kwa shimo. Hiyo ni kama mimea 160,000 kwa ekari, na kilo 25 hadi 30 za mbegu zinatosha. Ukibananisha zaidi, mashina hukimbilia juu na kuwa membamba.

Kosa la pili ni yurea, mbolea ya naitrojeni. Mkulima aliyezoea mahindi huona soya imepauka kidogo akakimbilia mfuko. Naitrojeni nyingi huongeza majani na kuvifanya vinundu vya mizizi, ambamo bakteria huipatia soya naitrojeni ya hewani, vizembee. Tia TSP, mbolea ya fosfeti, kilo 40 hadi 50 kwa ekari wakati wa kupanda, isigusane na mbegu, na paka mbegu chanjo ya bakteria wa soya: lowesha kidogo kwa maji ya sukari, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Jua huwaua bakteria hao. Wiki ya sita chimbua mimea kadhaa kwa jembe (usiing'oe, vinundu vitabaki ardhini) na pasua vinundu. Vikiwa vyekundu au waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au kijani, havifanyi.

Palilia wiki ya pili au ya tatu, rudia kabla ya maua. Maua yakishatoka, jembe likae nyumbani. Muda huo kagua upande wa chini wa majani ya chini kutafuta ugonjwa wa kutu. Ikionekana, piga kiuatilifu chenye tebukonazoli mapema, kwa kipimo cha kibandiko, kwa sababu majani yakipukutika kabla maganda hayajajaa, punje husinyaa. Wakati huohuo ng'oa mimea yenye rangi ya maua tofauti na aina yako.

Tarehe ya kupanda inaamua zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Aina ya siku 120 iliyopandwa mwishoni mwa Desemba hukomaa mwishoni mwa Aprili, mvua zikiaga. Ukiwahi sana, maganda makavu hunyeshewa, na soya iliyokauka ikilowa tena hupoteza uotaji haraka.

Vuna maganda 95 kati ya 100 yakiwa ya kahawia, asubuhi, kabla hayajaanza kupasuka. Pura punje zikiwa na unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Zikikauka mno, ganda jembamba hupasuka na kiini huumia bila kuonekana kwa macho. Ndiyo maana hata gunia lililojaa halibwagwi chini. Baada ya kupura, kausha hadi asilimia 12 au chini yake, uhifadhi juu ya chaga.

Kabla ya kuuza otesha punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu. Siku ya saba hesabu miche mizima. Ikipungua 80, mzigo huo uza kiwandani kwa bei ya nafaka. Ikifika 80 au zaidi, na shamba lilikaguliwa tangu mwanzo na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, dai bei ya mbegu.