Kabla ya kwenda kumtazama Mathayo wa Caravaggio

Beba sarafu. Picha tatu za mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo zimo katika kanisa la San Luigi dei Francesi jijini Roma, karibu na Piazza Navona, kwenye kikanisa cha mwisho upande wa kushoto, na humo mna giza. Kuna kisanduku: ukitumbukiza sarafu taa inawaka, punde inazimika, na watu wote wanatazamana nani atatoa nyingine. Kiingilio hakuna. Ila mchana kanisa hufungwa kwa muda, basi ulizia saa mapema, na ufunike mabega na magoti.

Usiku wa kuamkia siku hiyo soma Mathayo 9:9. Ni mstari mmoja tu: mtoza ushuru ameketi forodhani, Yesu anapita, anamwita. Picha ya kushoto, ya mwaka 1599 hadi 1600, ndiyo hiyo. Wanaume watano wamezunguka meza yenye fedha, na Yesu yuko kulia kabisa, amemezwa na kivuli, unauona hasa uso na mkono. Itazame kwanza kwenye simu, kwa sababu pale utasimama kwenye kizuizi na kuiona kiupandeupande. Amua mapema Mathayo ni nani: mwenye ndevu anayenyoosha kidole, au kijana aliyeinamia fedha mwisho wa meza? Wataalamu bado wanabishana. Mimi niko na mwenye ndevu, ingawa kile kidole, ukikikazia macho, kinaweza kuwa kinamwonyesha jirani.

Sasa mwanga. Usiutafute kwenye dirisha lililochorwa ndani ya picha. Lile halitoi kitu. Mwanga unaingia kutoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, na ukiinua macho utakuta dirisha halisi la kikanisa, juu ya altare, liko upande huohuo. Yaani jua linaloingia kanisani ndilo hilohilo linalofika forodhani. Kwangu ufundi uko hapo, kuliko kwenye weusi ambao Caravaggio anasifiwa nao kila siku. Kwa hiyo taa ikizimika, usikimbilie sarafu ya pili. Acha macho yazoee.

Jiwekee nusu saa ya ziada kwa kanisa la Sant'Agostino, dakika chache kwa miguu. Humo Caravaggio aliwachora mahujaji wawili wamepiga magoti mbele ya Bikira Maria, na nyayo za mmoja wao, zikiwa na uchafu wote wa njiani, zimekuelekea wewe.