Kutayarisha toleo jipya la Debian tukiwa Unguja na Pemba

Debian ni mfumo wa kuendeshea kompyuta wa aina ya Linux, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na mpaka leo hutengenezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, bila ya kampuni inayoumiliki. Toleo la 12 lilitoka tarehe 10 Juni 2023, la 13, liitwalo trixie, likafuata tarehe 9 Agosti 2025, na linalotayarishwa baada ya hapo ni la 14, ambalo limepewa jina la forky. Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha visiwani, tuseme walimu wa kompyuta wa skuli mbili tatu za Chake Chake au wanafunzi wa chuo kimojawapo cha Unguja, ambao wangependa kushiriki katika matayarisho hayo. Kuandika programu si sharti. Panahitajika kompyuta moja ambayo hakuna atakayelalamika ikifutwa, pamoja na mazoea ya kuandika kile hasa kilichotokea badala ya kile mtu anachodhani kimetokea.

Kabla ya kugusa kompyuta, fahamuni kalenda. Kifurushi kipya cha programu huingia kwanza katika ghala la majaribio ya awali, liitwalo sid, kisha husubiri siku 10, 5 au 2 kwa kadiri ya uharaka wake, na kisipoleta hitilafu mpya nzito huhamia kwenye ghala liitwalo testing, ambalo ndilo litakalokuwa toleo lijalo. Ukikaribia wakati wa kutoa toleo, mlango huo hufungwa kwa hatua. Kwa toleo la 13, tarehe 15 Machi 2025 yalizuiwa mabadiliko makubwa ya maktaba na zana za kujengea programu. Tarehe 15 Aprili vifurushi visivyokuwamo havikuruhusiwa tena kuingia. Tarehe 15 Mei vifurushi muhimu vilianza kuhitaji idhini ya timu ya utoaji. Na tarehe 27 Julai kila badiliko, hata dogo, likawa halipiti bila ya idhini. Maana yake kwenu ni kwamba ripoti ikipelekwa mapema katika kipindi hicho huweza kurekebishwa ndani ya programu yenyewe, ilhali ripoti ileile ikifika wiki mbili za mwisho, isipokuwa iwe nzito sana, huenda ikaishia kuwa sentensi moja tu ya tahadhari katika maelezo ya toleo. Kwa hiyo anzeni mara tu hatua ya kwanza inapotangazwa.

Chagueni pia cha kujaribu. Hakuna faida kubwa ya kikundi cha Wete kujaribu kitu ambacho mamia ya watu wenye kompyuta mpya na intaneti isiyokatika wameshakijaribu. Sisi tuna mashine zilizotumika kwingine kabla ya kutufikia, umeme unaoweza kukatika katikati ya kazi, bando la intaneti lenye kupimwa, na watumiaji wanaoandika Kiswahili na Kiarabu katika hati moja. Majaribio yenu yaelekezeni huko.

Pakueni faili ndogo ya kusakinishia kupitia mtandao, ambayo huwa chini ya gigabaiti moja, mahali ambapo intaneti ni nzuri. Linganisheni alama yake kwa amri ya sha512sum na ile iliyochapishwa pamoja nayo, kwani faili iliyopakuliwa nusu huleta hitilafu za ajabu ambazo hazina uhusiano wowote na Debian. Faili ikishahakikiwa inaweza kuvuka kwa boti hadi Mkoani ikiwa ndani ya flashi, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Wakati wa kuiandika kwenye flashi ya kuwashia kompyuta, tumieni kwanza lsblk kujua jina la kifaa, kwa sababu ukikosea herufi moja unafuta diski yako mwenyewe. Ikiwa mna mashine zaidi ya moja, sakinisheni apt-cacher-ng katika mojawapo na nyingine zielekezwe kwake kwenye mlango wa mtandao (port) wa 3142. Kila kifurushi kitapakuliwa mara moja tu, na zilizobaki zitakichukua humo ndani ya chumba.

Kisha angalieni umri wa mashine. Toleo la 13 liliacha kutoa kisakinishi na kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa ajili ya kompyuta za biti 32 za aina ya i386, kwa hiyo amri ya uname -m ndiyo ya mwanzo kuandikwa. Jibu likiwa i686, endesheni lscpu kuona kama kichakataji chenyewe kinaweza biti 64. Zipo mashine zenye uwezo huo ambazo aliyezisakinisha mwanzo aliweka mfumo wa biti 32 bila ya sababu, na hizo husakinishwa upya badala ya kupandishwa toleo. Zisizoweza kabisa ziacheni katika toleo la 12 kwa muda ambao bado linatunzwa. Jambo jingine la kutazamwa katika mashine dhaifu ni saraka ya /tmp, ambayo tangu toleo la 13 huwekwa ndani ya kumbukumbu ya RAM na huweza kuchukua hadi nusu yake. Katika mashine yenye gigabaiti 2, mtumiaji anayefungua faili kubwa ataona kila kitu kinazorota. Amri ya systemctl mask tmp.mount ikifuatiwa na kuwasha upya huirudisha kwenye diski. Pimeni hali kabla na baada, na muandike tofauti.

Jaribio lenye thamani kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la kupandisha toleo, yaani kuichukua kompyuta yenye toleo la 13 ambayo imetumika kweli, ikiwa na printa yake na programu za watu, na kuipeleka kwenye la 14. Usakinishaji mpya juu ya diski tupu hujaribiwa na wengi, lakini mashine iliyokwisha kuchafuka kwa matumizi ya miaka haina mfano wake kwengineko. Wekeni nakala ya akiba ya faili zote nje ya mashine, kisha sasisheni toleo la 13 lenyewe hadi mwisho. Msiruke toleo: kutoka la 12 kwenda la 14 moja kwa moja hakukubaliki, na ripoti inayotokana na mruko huo haitashughulikiwa. Angalieni kwa dpkg --audit kama kuna kifurushi kilichokwama na kwa apt-mark showhold kama kuna kilichozuiwa. Katika orodha ya maghala andikeni forky palipokuwa na trixie, pamoja na mstari wa usalama. Msiandike testing, kwani mashine hiyo itaendelea kusogea hata baada ya toleo kutoka.

Anzisheni amri ya script ili kila kinachopita kwenye skrini kihifadhiwe katika faili, halafu fanyeni apt update, apt upgrade --without-new-pkgs, na mwisho apt full-upgrade. Mfumo ukiuliza kama faili ya mipangilio ibadilishwe au ibakie ya zamani, andikeni ni faili gani na mlijibu nini. Hitilafu nyingi zinazoonekana siku ya pili chanzo chake ni jibu lililotolewa hapo bila ya kufikiri.

Sasa umeme. Chukueni mashine isiyo na kitu cha thamani, au mashine ya kubuni ndani ya kompyuta nyingine, na muizime ghafla wakati vifurushi vinapangwa, si wakati vinapakuliwa, kwani upakuaji uliokatika huendelea bila ya tabu amri ikirudiwa. Kamwe msilifanye jaribio hili katika maabara ya skuli. Mashine ikiwaka tena, endesheni dpkg --configure -a, kisha apt --fix-broken install, na muone kama inarudi katika hali nzuri kwa amri hizo mbili tu. Kama haikuwaka kabisa, andikeni ilifika wapi: kwenye menyu ya kuwashia, kwenye kerneli, au kwenye skrini ya kuingilia. Msimamizi wa kifurushi anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki huenda hajawahi kulitazama jambo hili, nasi tunalijua bila ya kufundishwa.

Mipangilio ya lugha haichukui muda mrefu. Chagueni sw_TZ.UTF-8, saa za Africa/Dar_es_Salaam na kibodi ya Tanzania, mkague majina ya siku na miezi, kisha katika LibreOffice muandike aya yenye Kiswahili na Kiarabu pamoja, kama zilivyo karatasi nyingi za madrasa, muichapishe na kuilinganisha na skrini.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na hutumwa kwa programu ya reportbug, ambayo hukusanya yenyewe nambari za vifurushi. Tafuteni kwanza kama hitilafu hiyo imeshasajiliwa. Kila hitilafu iwe na ripoti yake, ikieleza mlifanya nini, mlitarajia nini na kilitokea nini. Majaribio ya kusakinisha hupelekwa kwenye kasha la installation-reports, hata yakifaulu, na ya kupandisha toleo kwenye upgrade-reports. Daraja tatu za juu za uzito, yaani critical, grave na serious, huweza kuzuia toleo lisitoke au kusababisha kifurushi kiondolewe. Ukiipa daraja hiyo picha ya ukuta isiyopendeza, itashushwa, na ripoti zako zinazofuata zitasomwa kwa shaka. Kumbukeni kwamba ripoti pamoja na anwani ya baruapepe ya mtumaji hubaki wazi kwa watu wote, hivyo fungueni anwani ya kikundi na mfute majina ya wanafunzi katika faili mnazoambatanisha. Mtu akiwauliza maelezo zaidi, jibuni ndani ya siku chache, kwa sababu ripoti isiyojibiwa huenda ikafungwa.

Toleo likishatoka, msiifute mashine ya majaribio. Masahihisho ya toleo hutolewa takriban kila miezi miwili, na la kwanza huwa na marekebisho mengi ya mambo yaliyogunduliwa mwishoni. Kompyuta za skuli zisubiri hilo, kisha zipandishwe wakati wa likizo. Haraka haipo, kwani kila toleo hutunzwa kikamilifu kwa miaka mitatu na kuongezewa miwili ya utunzaji wa muda mrefu.